Wauzaji wa viunganishi vya betri: andikeni unene na madini, si "ampea 200" peke yake

Ndugu wadau, nalalamikia vipande vya kuunganishia seli vinavyouzwa Kariakoo kwa jina la shaba tupu, kwa sababu anayeumia ni mtu anayeunda gari la umeme kwa mikono na fedha zake mwenyewe.

Nabadilisha kirikuu kutoka petroli kwenda umeme, kwa seli 24 za lithiamu aina ya LFP (yaani lithiamu, chuma na fosfati), za ampea-saa 280, zilizofungwa mfululizo kupata volti 76.8. Kontrola, yaani kifaa kinachodhibiti umeme uendao kwenye mota, huvuta kama ampea 100 kwenye tambarare na hufika 200 mlimani. Muuzaji aliandika kwenye risiti: "shaba, 20 kwa 2, ampea 200". Kwa vipimo hivyo mkato ni milimita za mraba 40, na kipande chenye sentimita 7 kati ya tundu na tundu kilipaswa kupoteza takriban milivolti 3 kwenye ampea 100. Hesabu hiyo haina ubishi, maana shaba safi ya urefu wa mita 1 na mkato wa milimita 1 ya mraba ina ukinzani wa omu 0.017 hivi.

Mita ilisoma milivolti 22. Nilipokipitishia tupa, chini ya ule mng'ao wa nikeli ilitokea shaba ya njano, ambayo hupitisha umeme kwa takriban robo tu ya shaba nyekundu, na unene wake kwa kalipa ni milimita 1. Nimeibiwa mara mbili katika kipande kimoja! Mlimani kila kipande kinazalisha joto la wati 9 badala ya 1 na ushei, na sehemu kubwa ya joto hilo huingia kwenye tominali (ncha za seli zinapofungwa vipande) na kuishia ndani ya seli. Plastiki inayozunguka baadhi ya tominali zangu imeshaanza kulainika.

Nilipovirudisha, muuzaji alivigusisha sumaku kunionyesha kwamba havinasi, kana kwamba sumaku hunasa shaba ya njano au alumini. Kisha akaniambia wateja wake wa sola hawajawahi kulalamika. Watalalamikaje, ikiwa inveta ya kilowati 1 kwenye volti 24 haifiki ampea 50? Joto huongezeka kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo mkondo ukizidi mara 4, joto huzidi mara 16.

Nataka fedha zangu zirudishwe, na nataka kila auzaye vifaa hivi aandike upana, unene na aina ya madini, kisha amruhusu mteja kupima na kukwaruza kabla ya kulipa. Anayejua panapouzwa bamba la shaba nyekundu la milimita 3 kwa masharti hayo, naomba anielekeze duka na bei yake kwa mita.