Tupeane uzoefu: bendi yako imewahi kupiga na mkongwe wa muziki wa asili? Ilikuwaje?

Mzee wa Besi: Wakuu, habari za jioni. Leo kwenye daladala dereva kaweka "Ahmada", ile ya Offside Trick na Bi Kidude, konda akawa anaimba vipande vya bibi vyote. Nikajua humu hawakosekani waliopanda jukwaani na wakongwe wa aina ile. Malipo, mazoezi, vituko, vyote ruksa.

Kinanda Kimoja: Wazee na klik haviendani. Nimemaliza.

Mzee wa Besi: Fafanua basi mkuu.

Kinanda Kimoja: Unamvisha hedifoni, anasikia tik tik tik ya kumshikisha mwendo, anaivua, anauliza nani anagonga mlango.

Binti Chamwino: Aisee mmenitonesha kidonda. Sisi tulimwita mzee mmoja wa Kigogo, fundi wa ilimba, kile chombo cha ubao chenye vyuma vya kubonyeza kwa vidole gumba. Tumekua tunasikiliza kanda za marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, kwa hiyo kukaa mkeka mmoja na mzee wa kiwango kile tulikuwa hatulali.

Mazoezini, kinanda na ilimba vikagoma kuelewana. Mzee kavipanga vile vyuma kwa koo lake mwenyewe, havipo kwenye C wala D. Mpiga kinanda akamwomba asogeze kidogo. Mzee akamjibu: "Mjukuu wangu, hicho chako si kina umeme? Sogeza hicho." Tukashusha kinanda, magitaa yakafuata. Ikakaa vizuri mno.

Siku ya shoo sasa. Wanaoijua ilimba wanajua lile tundu hufunikwa utando wa buibui, ndio unaoleta ule mvumo, zzzz, chuma kikilia. Fundi mitambo tuliyemkodi akapima sauti, akasikia zzzz, akadhani waya mbovu. Kabadilisha waya. Kabadilisha maiki. Zzzz iko palepale. Sisi tuko nyuma tunavaa. Jamaa akaiinamia ilimba, akaona "uchafu", akaupangusa na kitambaa cha miwani. Taratiiibu!

Mzee akakaa, akagonga mara mbili, akaacha. Akageuza chombo, akapitisha kidole tunduni. Hakugomba. Akaanza kuifunga ilimba kwenye kanga yake. Na MC anaita jina letu.

Kaka Ngoma: 😂😂😂 Ikawaje?? Usituache hewani dada.

Binti Chamwino: Nusu ya bendi stoo na vyooni, tochi za simu, tunatafuta buibui. Nusu nyingine jukwaani wanapiga utangulizi usioisha. Tukimletea nyuzi za darini anatupa: "Huu wa kunasia nzi." Alitaka ule mweupe mzito, kifuko cha mayai. Mpiga drama akaupata nyuma ya jenereta. Mzee akabandika mwenyewe, akapanda.

Mtu Mzima Ovyo: Hii chai. Tena ya maziwa.

Binti Chamwino: Chai gani? Nenda Dodoma uliza.

Nyuzi Nane: Si chai, mimi naamini. Huku kwetu Siaya, Kenya, ni nyatiti, chombo cha Wajaluo cha nyuzi nane. Mafundi wanaweka maiki kwenye nyuzi pekee, wanasahau mzee ana pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu anagongea ubao. Mdundo wote uko hapo! Drama wetu akampigia bass drum juu yake. Mzee akasimama akauliza, "Huyu kijana anashindana na mguu wangu?"

Kaka Ngoma: Ushauri wangu: mrekodi mzee peke yake kwanza, bendi ijengee juu yake.

Kinanda Kimoja: Kosa kubwa. Anaongeza mwendo kila akinogewa, utajengea juu ya nini? Kaeni chumba kimoja, mtazame bega lake.

Mtu Mzima Ovyo: Mnajisumbua. Mpe nauli na posho, nasa sampo, kipande cha sekunde kumi tu, kwaheri. Nyimbo za asili hazina mwenyewe.

Mwana Malindi wa Unguja: Ndo maneno gani hayo? Wimbo hata kama ni wa mababu, aloimba ni yeye. Huko kwenu Bara, Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda na mtumbuizaji. Andikishianeni kabla ya kufungua maiki.

Mtu Mzima Ovyo: Karatasi humtisha mzee.

Mwana Malindi wa Unguja: Humtisha nani? Sie huku tuna vikundi tangu 1905, Ikhwani Safaa hao wa taarabu, wazee wetu wanasoma mkataba kukushinda. Kinachowachosha ni nyie kuja na kinanda kisichojua robo sauti, zile sauti za katikati ya vibonye, mkataka ganuni yetu ya nyuzi ikufuateni.

Kaka Ngoma: Jamani msigombane, turudi kwa buibui.

Mama Zeze: Mimi nasema malipo yote kabla. Wa kwetu alipewa nusu, akapiga nusu ya nyimbo, akaenda kula.

Nyuzi Nane: Wetu alilipwa yote mapema, hakuja kabisa 😅

Mzee wa Besi: Binti Chamwino, hiyo shoo ilirekodiwa?

Binti Chamwino: Ilirekodiwa. Utangulizi dakika kumi na moja, na katikati unamsikia mtu anapiga kelele "nimempata!" Mzee kakataa tuikate, anasema ndiyo sehemu anayoipenda.

Mtu Mzima Ovyo: Tuma basi tuione hiyo chai.