Chenso ya ukubwa wa kati kwa ajili ya kuni: ninunue ipi kwa laki tano?

Mwenye Shamba, Lupembe

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nina shamba la milingoti na miwati hapa Lupembe, mkoani Njombe, ambalo miti yake mingi imefikia unene wa sentimita 20 hadi 35, nami nakusudia kukata kuni za nyumbani pamoja na za kuiuzia shule ya bweni iliyo jirani. Bajeti yangu haizidi shilingi laki tano. Dukani nimeoneshwa mashine mpya ya Kichina iliyoandikwa 5800, na kuna mtu anayeniuzia Stihl MS 381 iliyotumika kwa bei inayokaribiana na hiyo. Naomba ushauri wenu.

Fundi Makambako

Ndugu, kwa miti ya unene huo MS 381 imezidi mahitaji yako. Injini yake ni ya cc 72, na uzito wake kabla ya kufungwa bapa (chuma kirefu ambacho mnyororo huzunguka juu yake) na mnyororo ni kilo 6.6; ni mashine ya kuangushia magogo ya mbao, na anayekata vipande vya kuni akiwa ameinama atauhisi uzito huo kiunoni kabla ya saa sita mchana. Injini ya cc 45 hadi 55 yenye bapa la inchi 16 au 18 inatosha.

Namba 5800, inayodokeza cc 58, nayo isikubabaishe. Stihl MS 250, yenye cc 45 tu, hutoa kilowati 2.3, nguvu inayokaribiana na ya mashine nyingi za Kichina zinazotajwa kuwa na cc zaidi. Hata hivyo, kwa kuwa MS 250 mpya huipati kwa laki tano, ningechukua hiyo ya Kichina, hasa kwa sababu kabureta, klachi na silinda zake zinapatikana kwa urahisi na huingiliana kati ya chapa nyingi. Usiondoke dukani kabla haijawashwa: elekeza ncha ya bapa kwenye kadibodi, ongeza kasi ya injini, na kama hakuna michirizi ya oili inayorukia pale, pampu ya oili ya mnyororo haifanyi kazi.

Mkata Kuni wa Mufindi

Nakubaliana na Fundi kuhusu uzito, ila iliyotumika isikataliwe bila kukaguliwa. Omba ekzosi ifunguliwe uione pistoni. Ikiwa na mikwaruzo ya wima, iache, hata kama inawaka kwa mvuto mmoja.

Linaloziua hizi mashine mapema zaidi ni mchanganyiko wa mafuta. Mashine nyingi za Kichina hutaka uwiano wa 25 kwa 1, yaani mililita 40 za oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili) kwa kila lita ya petroli, ilhali Stihl yenye oili nzuri hutumia 50 kwa 1, yaani mililita 20. Fuata kitabu cha mashine yako, wala usikubali kupimiwa kwa kifuniko cha chupa. Halafu, mlingoti ukatwe na kupasuliwa ungali mbichi, kwa sababu ukikauka unakuwa mgumu mno na kuyamaliza meno ya mnyororo.

Bwana Miti

Kabla ya kununua, muulize ofisa misitu wa wilaya kuhusu usajili wa chenso na vibali vya kuvuna na kusafirisha. Kuhusu usalama, hakikisha breki ya mnyororo inakamata, na usikate kwa ncha ya juu ya bapa, kwani hapo ndipo mashine hurukia usoni ghafla.

Mwenye Shamba, Lupembe

Nawashukuru sana. Nimeamua kuchukua ya Kichina. Je, tupa ya kunolea ni ya ukubwa gani?

Fundi Makambako

Soma maandishi yaliyochongwa kwenye bapa. Ukikuta .325, ambayo ni hatua ya mnyororo kwa inchi, tupa ya duara ya milimita 4.8 ndiyo yake. Ikiwa ni 3/8 ya kawaida, chukua ya milimita 5.2 au 5.5, kulingana na chapa ya mnyororo. Siku utakapoagiza mnyororo wa pili, hesabu pia vijino vya ndani vinavyopita kwenye mfereji wa bapa, kwa kuwa urefu wa inchi peke yake hautoshi kumwezesha muuzaji kukupa unaoingia.