Naomba ushauri: barua za babu aliyekwenda Burma na Keya zinazungumzia mvua na ng'ombe tu

Mjukuu wa Tabora

Ndugu zangu, salaam. Naomba mawazo yenu, hasa ya wale wenye uzoefu wa kumbukumbu za vita au waliolelewa na wazee waliokuwa Keya. Babu yetu mzaa baba aliandikishwa King's African Rifles (KAR, ndiyo hiyo Keya), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akapelekwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) mwaka 1943 na baadaye Burma (Myanmar ya leo), akarudi Tabora mwaka 1946. Bibi alipofariki tulikuta ndani ya sanduku lake la bati barua alizoandikiwa na babu kutoka huko, pamoja na nishani ya shaba yenye umbo la nyota. Ukoo umenikabidhi kazi ya kuandaa kijitabu kitakachosomwa kwenye mkutano wa familia, na hapo ndipo nilipokwama.

Barua hizi hazisemi lolote kuhusu vita. Zinazungumzia mvua isiyokatika, viatu visivyokauka, vidonge vya manjano walivyovimeza wakiwa wamepangwa mstari mbele ya ofisa, na unga wa mahindi ambao ulipokosekana walipewa biskuti ngumu na nyama ya kopo. Baada ya hapo ni maswali ya nyumbani mtindo mmoja: ng'ombe mwekundu amezaa? Kodi imelipwa? Mwembe wa uani umetoa maua? Ipo barua ambayo mwembe umeulizwa mara tatu, na bibi hakuulizwa hata mara moja kama ni mzima. Baba mdogo anasema huo ni ushahidi kwamba mzee alikuwa mpagazi tu au mpishi, na kwamba mkewe hakumshughulisha sana. Wengine wananishauri niongeze simulizi za mapambano ili kijitabu kiwe na uzito. Kubuni sitaki, lakini pia sioni nitakavyoipa familia kurasa nzima za mvua na ng'ombe. Nifanyeje?

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, kabla ya kumhukumu babu yako, jiulize barua ile ilipita mikononi mwa nani. Askari wengi hawakujua kuandika, hivyo walimwendea karani wa kikosi au mwenzao aliyesoma misheni, wakamwambia la kuandika huku wengine wamekaa karibu wakisubiri zamu yao. Kisha barua ilisomwa na mkaguzi wa jeshi, ambaye alifuta majina ya mahali, habari za vikosi na chochote ambacho adui angeweza kukitumia. Ilipofika kijijini, kama bibi naye hakujua kusoma, alisomewa na mwalimu au katekista, na mara nyingi mama mkwe na majirani walikuwa wamekaa papo hapo kusikiliza. Mwanamume wa kizazi kile, anayejua kwamba maneno yake yatapita kwa watu wote hao, angemwambiaje mkewe kwamba usiku halali kwa kumkumbuka?

Ndiyo maana mimi huo mwembe siuchukulii kirahisi. Kama bado kuna mzee hai aliyewafahamu wawili hao, muulize nani aliupanda, na wakati gani. Tazama pia hati ya mkono. Ukikuta barua mbili za mwezi mmoja zina hati tofauti, basi hazikuandikwa na mkono wake, na huenda hata salamu ndefu za mwanzoni ni mtindo wa karani aliyewaandikia wengine maneno hayohayo.

Karani wa Nyaraka

Nakubaliana na Mwalimu, nami niongeze upande wa ushahidi. Itazame nishani kwa makini: kama ni nyota ya ncha sita na utepe wake ni bluu iliyokoza, una mstari mwekundu katikati na rangi ya machungwa pande zote mbili, hiyo ni Burma Star. Hiyo haikuthibitishii kwamba alifyatua risasi, kwa kuwa walipewa pia madereva, wahudumu wa hospitali na mafundi, lakini inathibitisha alikuwa kwenye eneo la vita lenyewe.

Kinachofuata ni bahasha, ambazo watu huzitupa wakidhani hazina maana. Muhuri wa posta ya jeshi mara nyingi una namba badala ya jina la mahali, na wakusanyaji wa stempu wanazo orodha zinazoonyesha namba fulani ilikuwa wapi kwa tarehe fulani. Ukiona namba ya kikosi imetajwa popote, inakili kama ilivyo. Katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kichwa cha kifaru, batalioni za 26 na 36 za KAR zilikuwa za Tanganyika. Ukishaipata batalioni, shajara za kila siku za vikosi vilivyopigana upande ule zimehifadhiwa kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza iliyoko Kew, katika fungu la WO 172. Usitarajie jina la askari wa kawaida humo. Utakachopata ni mahali kikosi kilipokuwa siku babu alipoandika kwamba viatu havikauki.

Na hapo mvua yake itakuwa na maana nyingine kabisa. Kuanzia Agosti 1944 divisheni hiyo ilitoka mji wa Tamu ikawafuata Wajapani kuelekea kusini katika bonde la Kabaw, katikati ya masika ya kule. Barabara ziligeuka tope, magari yakazama, na chakula kikawa kinaangushwa kwa miavuli kutoka kwenye ndege. Hali ya hewa ikiwa mbaya ndege hazikufika, ndipo biskuti zinapoingia. Bonde lenyewe lilijulikana kwa malaria na homa ya vichaka. Vile vidonge vya manjano ni mepakrini, dawa ya kinga ya malaria iliyogeuza hata ngozi kuwa ya manjano, na Jenerali William Slim, aliyeongoza Jeshi la 14 la Waingereza huko Burma, aliwaondoa madarakani makamanda watatu kwa sababu askari wao hawakuimeza ipasavyo. Mwanzoni mwa Desemba walifika mji wa Kalewa, na daraja la chuma la zaidi ya mita 350 likajengwa juu ya mto Chindwin. Babu yako alipoandika mvua, huenda alikuwa ameandika vita kwa neno pekee ambalo mkaguzi asingelifuta.

Binti wa Panyako

Nawasalimu kutoka Kakamega. Nimesoma maneno ya baba yako mdogo, "mpagazi tu au mpishi", nami kwa heshima yake naomba nimpinge. Babu yangu alikuwa Pioneer Corps, ambayo kwetu wazee waliiita Panyako. Kazi yake ilikuwa kuchimba, kubeba na kutengeneza barabara, na homa na mabomu havikumwuliza kama ana bunduki. Hata safari ya baharini ilikuwa hatari: tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani, wakafa zaidi ya watu 1,200, wakiwamo wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki na wauguzi wa kike. Mpishi aliyekuwa ndani yake alizama kama wengine. Ikionekana kweli babu alikuwa mpishi, andika mpishi.

Msemakweli

Mimi naona mnakuza mambo. Familia inataka kusikia ushujaa. Weka sura moja ya vita vya Burma kwa ujumla, mtaje babu humo, mambo yaishe.

Karani wa Nyaraka

Sura ya jumla haina ubaya, ndugu Msemakweli, ilimradi isomeke kuwa ni ya jumla. Ukiandika "kikosi kilivuka mto" umesema jambo lenye ushahidi. Ukiandika "babu alikuwa wa kwanza kuvuka mto, bunduki juu ya kichwa", mjukuu atakayesoma baada ya miaka hamsini hatakuwa na njia ya kujua kwamba uliyatunga mezani.

Mjukuu wa Tabora

Nawashukuru sana. Nimerudi kwenye barua na kweli hati ni tofauti, angalau za watu watatu. Bahasha zipo na baadhi zina mihuri inayosomeka. Utepe wa nishani umechakaa, ila wekundu wa katikati bado unaonekana.

Nina swali la mwisho. Barua za mwaka 1945 na mwanzo wa 1946 zimebadilika, ni kali. Analalamika kwamba fedha aliyokatwa mshahara iende kwa bibi haijulikani imefika au la, anauliza ni nani anayelala nyumbani kwake, na katika moja amesema akikaa huko msimu mwingine wa kilimo, shamba lichukuliwe na anayelitaka. Shangazi anataka hizi zifichwe.

Mwalimu Mstaafu

Shangazi yako msikilize, kwa kuwa ni mama yake anayetajwa humo. Lakini mweleze kwanza wakati zilipoandikwa. Divisheni ile iliondolewa mstari wa mbele na kurudishwa India mwanzoni mwa 1945, Japani ikasalimu amri Agosti, na bado maelfu ya askari wetu walikaa miezi mingi wakisubiri meli, hawana adui wala kazi ya maana zaidi ya gwaride na kufagia kambi. Mtu aliyevumilia Kabaw kimya anaweza kushindwa kuvumilia kambi ya kusubiri. Fedha za familia nazo zilipitia ofisi ya mkuu wa wilaya, na mke alilazimika kuzifuata huko, wakati mwingine mwendo wa siku nzima, kwa hiyo kimya cha bibi hakikuwa lazima kiwe kosa lake.

Ningekuwa wewe, ningemsomea shangazi barua hizo faraghani, zote, kwa tarehe zake, kisha nimwachie yeye achague ipi iingie kwenye kijitabu. Asili zake piga picha nzuri, zihifadhi kwenye bahasha za karatasi mahali pakavu, wala usizitie plastiki kwa moto.

Mjukuu wa Tabora

Nitafanya hivyo, Mwalimu. Shangazi anakuja Jumamosi. Nimempigia simu leo kumwuliza habari za mwembe, akanijibu kwamba waliupanda babu na bibi wiki waliyooana, na kwamba bibi alikuwa akikataa katakata ukatwe tawi.