Natafuta springi na mpira wa kichwa cha gramafoni ya babu, niko Lamu

MwanaMkomani
Assalam aleikum wadau. Nna gramafoni ya marehemu babu, HMV 101, ile ya sanduku unaibeba kwa mkono kama begi la safari, imekaa kabatini tangu afariki. Mwezi uliopita nkaizungusha hendeli kidogo tu nkasikia ta! ndani, toka hapo hendeli yazunguka bure haishiki kitu, nadhani springi imekatika. Na kile kichwa cha duara kinachoshika sindano, mpira wake umekuwa mkavu ukiugusa wamwagika unga. Nlimpelekea fundi mmoja wa redio akanambia ang'oe kila kitu cha ndani aniwekee spika na betri, nkabeba sanduku langu nkarudi nyumbani. Bibi yuko hai alhamdulillah na ana santuri moja ya Siti binti Saad, katika zile alizoenda kurekodi Bombay 1928, anataka kuisikia kwa mashine ileile sio kwa simu. Spea zapatikana wapi jamani? Hata kama ni kusubiri ntasubiri.

FundiSaa_Malindi
Waaleikum salaam mwanangu, ulifanya vizuri sana kuondoka na sanduku lako. Mimi ni fundi wa saa na cherehani hapa Malindi na gramafoni nshatengeneza kadhaa. Usiagize kitu bado. Fungua mota kwanza, lakini lile kopo la springi usiliguse mpaka uhakikishe hakuna nguvu iliyobaki ndani, springi ile ikiruka inakata nyama, mimi nna kovu kwenye kidole gumba mpaka leo. Vaa glavu za ngozi na miwani, uitoe mzunguko mmoja mmoja huku umeikandamiza.

Ukishaitoa angalia imekatikia wapi. Ikiwa ni mwisho wa nje, penye tundu linaloshikwa na ndoana ya kopo, basi bahati yako, unakata kile kipande kibovu, unapasha ile ncha tu mpaka iwe nyekundu, unaiacha ipoe yenyewe taratibu ndio chuma kilainike, kisha unatoboa tundu jipya. Ukipoteza sentimita chache hutaona tofauti. Ikiwa imekatika katikati usikubali mtu akuungie, haidumu. Hapo ndo unanunua, na muuzaji lazima umpe upana, unene, urefu na umbo la ncha zote mbili. Unene pima na kile kipimo cha vania cha mafundi chuma, usikisie, sehemu ya kumi ya milimita ikizidi springi inakuwa na nguvu nyingine kabisa.

BintiShela
Mpira wa kichwa usihangaike nao kaka, tafuta kwa fundi baiskeli ile mipira myembamba ya valvu za zamani, ndio hiohio. Unakata vipande viwili, kimoja mbele ya ulanga, kile kisahani chembamba kama kioo ndani ya kichwa, kimoja nyuma, ncha zikutane sawasawa pasiwe na mwanya hata wa unywele. Na huo ulanga wenyewe utizame kwenye mwanga, ukiona matabaka yameachana na kuna madoa meupe ubadilishe, kama uko safi uache ulivyo. Pale kati skrubu inapopita dondosha tone la nta ya nyuki ili hewa isipenye. Mimi nlisahau nta mara ya kwanza, sauti ikatoka kama mtu anaimba ndani ya mtungi. Ukimaliza gonga sindano kwa ukucha taratibu, usikie tup kama ngoma, ukisikia krr rudia tena. Tafadhali usilazimishe skrubu za nyuma, chuma cha vichwa hivi huvimba na kupasuka kwa umri.

Nahodha78
Springi mpya wauza wataalamu wa Uingereza na Marekani, wanatuma kwa posta. Ukiwa na mtu anaenda Mumbai mwambie apite Chor Bazaar, mtaa wa Mutton Street, spea za gramafoni ziko huko. Ila asikuletee ile mizima yenye tarumbeta la shaba inayong'aa, nyingi zimeundwa juzi zikabandikwa picha ya mbwa wa HMV, mie nliuziwa moja kwa bei ya mashine ya kale na iliniuma sana. Mota ndani yake ndo ilikuwa ya zamani kweli, nliitoa nkaitumia.

FundiSaa_Malindi
Nliisahau gavana mwanangu, ile sehemu ya mota inayodhibiti mwendo. Vile vyuma vitatu vidogo vinatanuka vikizunguka mpaka kile kisahani kinagusa kijingozi, ndo kinapunguza mwendo. Kijingozi hicho kikikauka kibadilishe, kipande kutoka kwa fundi viatu chatosha, kiloweshe mafuta ya cherehani. Kisha weka kikaratasi pembeni ya santuri uhesabu, kipite mara 26 kwa sekunde 20, ndio 78 kwa dakika. Na sindano ya chuma ni moja kwa upande mmoja wa santuri, ukirudia unaikwaruza santuri ya bibi na hiyo haina spea.

MwanaMkomani
Fundi shikamoo. Nimefungua leo baada ya alfajiri, grisi imekuwa nyeusi inanata kama halua iliyoungua nkaisafisha kwa mafuta ya taa. Springi imekatika vidole viwili kutoka ncha ya nje!! Hiyo kazi ya moto siithubutu mwenyewe, Jumatatu napanda basi Mokowe nakuja nayo, duka wafungua saa ngapi? Na ile mipira ya valvu ntainunua hukohuko. Nlitaka kuja na santuri tuijaribie hapo, bibi kasema haitoki nyumbani, nije na mashine tu.