Dende wa jikoni na paka mgeni

Mama wa Kadutu: Ndugu zangu, hapa Bukavu tunafuga dende sita (simbilisi, yaani guinea pig, wanyama wadogo wenye manyoya) wanaotembea huru sakafuni jikoni, kama wengi wafanyavyo. Tangu tulete paka wa kufukuza panya, mtoto mmoja wa dende ametoweka, na wengine hujibanza nyuma ya gunia la makaa siku nzima. Nifanye nini bila kumfukuza paka?

Fundi wa Bagira: Pole sana, mama. Tengeneza kibanda cha mbao chenye mfuniko wa komeo na wavu wa matundu madogo yasiyopitisha kucha, kwa maana dende wangu alijeruhiwa mguu kupitia wavu wa kuku. Ndani weka kisanduku cha kujificha, kwani hofu peke yake humfanya aache kula.

Jirani wa Ibanda: Dende aking'atwa, hata jeraha likiwa dogo kama tundu la sindano, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kwa sababu mate ya paka hubeba bakteria wa Pasteurella wanaoweza kumuua upesi. Na kwa kuwa watafungiwa, wapelekee majani mabichi kila siku, maana mwili wao hautengenezi vitamini C.

Mama wa Kadutu: Asanteni. Mbao ninazo, naanza leo.