Muvi ya Bowie isiyo na wimbo hata mmoja wa Bowie, tumepigwa!

Wakuu, niacheni niteme nyongo. Kuna mdau humu aliisifia Velvet Goldmine ya 1998 kwamba ndiyo stori ya mwanamuziki wa Uingereza David Bowie enzi za glam rock, ile rock ya miaka ya 70 ya vipodozi na mavazi ya kumeremeta. Bando limekwenda, saa mbili nzima zimekwenda, wimbo wa Bowie sijausikia. Hata mmoja!

Sababu inajulikana: muongozaji Todd Haynes aliomba nyimbo, Bowie akagoma. Sawa, mali ni yake. Mwenye haya angetafuta stori nyingine, huyu akabeba vyote vilivyobaki. Steringi, Brian Slade (Jonathan Rhys Meyers), ana mke Mmarekani kama Angie, mke wa Bowie wa enzi hizo. Jukwaani anajiita Maxwell Demon, yaani Ziggy Stardust, yule mhusika Bowie aliyekuwa akimwigiza jukwaani, kabadilishwa jina. Anamwokota msanii wa Kimarekani aliyeporomoka, Curt Wild, ambaye vurugu zake jukwaani ni za mwanarock Iggy Pop na zile shoti za umeme za matibabu alizopigwa ujanani ni za mwanarock mwingine, Lou Reed. Jina la muvi lenyewe ni la wimbo wa Bowie! Pengo la muziki likazibwa na nyimbo za Roxy Music na Brian Eno, nyingine kaimba Thom Yorke wa Radiohead. Nzuri, sikatai, ila si nilichoahidiwa.

Ambao hamjaiona rukeni aya hii. Slade anapigwa risasi jukwaani, mashabiki wanaangua kilio, kumbe kiki tu. Wanamsusa, anapotea. Mwaka 1984 mwandishi wa habari Arthur (Christian Bale) anatumwa kumfukunyua, na anakuta jamaa kageuka Tommy Stone, staa wa nywele za njano anayempigia debe rais. Jamani! Bowie alimuua Ziggy kwa mdomo wake, ukumbi wa Hammersmith Odeon, London, tarehe 3 Julai 1973, akawaambia watu usoni kwamba hiyo ndiyo shoo ya mwisho. Bunduki ya uongo imetoka wapi? Mtu kakunyima nyimbo, ndiyo umchore tapeli?

Kinachonichefua zaidi ni kwamba Haynes kazi anaijua. Kuna pale Arthur akiwa kijana, kakaa sebuleni na wazazi, kwenye TV Slade anasema waziwazi kwamba anapenda wanaume na wanawake. Dogo anajiona karuka, ananyooshea TV kidole, anapiga kelele: huyo ni mimi, baba, huyo ni mimi! Kumbe bado kakaa palepale, kimya, mzee wake hana habari. Mtu anayeweza kutunga kitu kama kile anadandia maisha ya mwenzake ili iweje?

Na msiniletee Bohemian Rhapsody, ile muvi ya bendi ya Queen. Ile sauti ya mwimbaji wao Freddie Mercury, mtoto wa Unguja, imo kweli, na wenzake wa bendi Brian May na Roger Taylor walikuwa ndani ya mradi. Matokeo yake tukauziwa kwamba Freddie aliwaambia wenzake ana VVU kabla ya Live Aid, lile tamasha la hisani la 1985, wakati mwenzi wake Jim Hutton alieleza kwamba majibu yalitoka 1987. Ukipewa nyimbo unaramba miguu, ukinyimwa unatukana. Hakuna wa katikati?

Mwenye kujua ile shoo ya Hammersmith aliyoirekodi D. A. Pennebaker inapatikana wapi kihalali, aweke hapa. Kule angalau Bowie anaimba.