Tupeane uzoefu: vyakula vya pakiti ulivyodhani vina nyama, mayai au maziwa, kumbe hamna

Wakuu, habari za muda huu.

Mke wangu ni Mpare, familia yao Wasabato wa miaka mingi, na kwao nyama hailiwi kabisa. Mimi mtu wa Tabora, nyama naijua vizuri tu. Ila manunuzi ya nyumbani ni kazi yangu, kwa hiyo nimezoea kugeuza pakiti na kusoma yale maandishi ya nyuma yaliyobanana kama sisimizi. Mara nyingi picha ya mbele inasema lake na maandishi ya nyuma yanasema lake.

Mfano kastadi. Mdogo wake mke wangu alikuja kututembelea, nikataka kumkorogea, akanizuia: "Shemeji, mayai siku hizi nimeacha." Nikampa kopo asome mwenyewe. Wanga wa mahindi, chumvi, ladha ya vanila, rangi. Yai halimo hata la dawa! Na ndivyo ilivyokusudiwa tangu mwanzo: Alfred Bird, mfamasia wa Birmingham kule Uingereza, aliibuni mwaka 1837 kwa sababu mkewe hakupatana na mayai. Tukaipika kwa tui badala ya maziwa, shemeji akaongeza bakuli.

Haya, leteni zenu. Sharti moja: uwe umesoma pakiti mwenyewe, sitaki za "nilisikia".

MamaPacha_Mbagala:
Tambi. Mwanangu mmoja mayai yanamtoa vipele, na kila mtu alikuwa ananikataza kumpa tambi eti zile za njano zina mayai. Nimesoma pakiti za spageti pale dukani moja baada ya nyingine: ngano ngumu na maji, basi. Unjano ni wa ngano yenyewe. Zenye mayai zipo, lakini zinaandikwa wazi.

Muuza_Duka_Upanga:
Mimi nipo upande wa kuuza. Wateja wangu wengi Wahindi, na wale hawasomi sana, wanatafuta alama. Bidhaa ikitoka India ina kimraba chenye doa la kijani ndani, maana yake haina nyama, samaki wala mayai. Yenye kitu cha mnyama inawekwa alama ya kahawia. Ila jamani, doa la kijani linaruhusu maziwa na samli. Kama hugusi maziwa usiridhike nalo.

Kuna bibi mmoja alikasirika kunikuta nimepanga viungo vya mchuzi vyenye picha ya ng'ombe karibu na bizari zake. Nikamwomba tusome pamoja. Chumvi, wanga, giligilani, manjano, dondoo ya hamira. "Ladha ya nyama" imetoka kwenye hamira! Alicheka, ila hakununua, alisema ile picha hawezi kuiweka jikoni kwake. Sasa msikimbilie kila kitu cha "ladha". Vile vidonge vya supu vya kuku, vingi vina mafuta ya kuku kweli.

Mvita_Kabisa:
Assalaam aleikum. Huku Mombasa shida yetu ni jeli. Inagandishwa kwa jelatini, nayo hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na ikiwa ni ya nguruwe basi kwetu imekwisha. Mamangu hakusumbuka, siku zote za futari alitumia chaina grasi, zile nyuzi nyeupe za pakiti ambazo ni mwani. Inaganda hata bila friji, tena ngumu kuliko jeli.

Watu wa Zanzibar nao wajivunie hapa. Mwani wanaolima akina mama wa Paje na Jambiani huenda nje kukamuliwa karajini, inayofanya vyakula vya viwandani viwe vizito. Ukiona E407 kwenye pakiti, ni hiyo.

Mbeba_Boksi_Minnesota:
Mtanisamehe, hii ya kwangu ni ya nguruwe. Nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee, na kuna chupa ya vipande vyekundu vya bakoni vya kunyunyizia saladi. Mwenzangu Msomali alikuwa haishiki chupa hata kwa glavu. Siku moja nikamsomea: unga wa soya, mafuta ya mimea, chumvi, rangi, ladha ya moshi. Nguruwe hayumo! Lakini rafu ileile ina chupa nyingine ya bakoni halisi, na majina yanafanana mno. Yeye hadi leo hali, anasema hataki kuzoea ladha hiyo. Namwelewa.

Bi_Mdogo_Tanga:
Naomba nigeuze mada, maana kuna ya kinyume inayouma zaidi. Tui la unga. Wa kwangu maziwa ya ng'ombe yanamsumbua tumbo, nikahamia kwenye tui la pakiti nikijua nazi ni nazi. Kusoma: kaseini! Hiyo ni protini ya maziwa, wanaitia ili mafuta ya nazi yasijitenge. Na ile krimu ya kahawa iliyoandikwa "si maziwa" nayo mara nyingi inayo. Nimerudi kwenye mbuzi, nakuna mwenyewe.

Nesi_Leeds:
@Bi_Mdogo_Tanga pole mpenzi. Huku konifleksi zinaongezwa vitamini D, na kampuni kubwa wanaitoa kwenye mafuta ya sufu ya kondoo. Asiyekula nyama anaila, asiyegusa cha mnyama kabisa hawezi. Weetabix ya kawaida haina hiyo.

Mwanzisha mada:
Sufu tena? Nimemsomea mke wangu akabaki anacheka, maana akina Kellogg, wale walioanzisha konifleksi, walianzia hospitali ya Wasabato kule Battle Creek, Marekani, ambako wagonjwa hawakupewa nyama.

Muuza_Duka_Upanga:
Na E471 kwenye biskuti na mikate? Wateja wananiuliza, sina jibu.

Nesi_Leeds:
Hiyo ni ya kusaidia mafuta na maji vichanganyike, na inaweza kutoka kwenye mawese au kwenye mafuta ya mnyama, namba ni ileile. Kama hawakuandika "ya mimea" pembeni, piga namba ya kiwanda iliyo kwenye pakiti. Mimi niliwahi kupiga, wakanijibu siku hiyohiyo: mawese.